Bi Kanda Anajibu: Albamu ya Dukani au Ile Iliyokuwepo Nyumbani?

Haya jamani karibuni tena. Mwezi uliopita niliwaomba kitu kimoja tu, mnitajie albamu tatu za ujana wenu, ya kwanza ya pili ya tatu, basi, nikadhani nitapata majina kumi kumi na tano niyapange nikalale. Wallahi sikujua nnachokoza nini. Kuna walioandika kurasa nne, kuna aliyenitumia sauti ya dakika kumi na moja huku anapika, kuna mke na mume kila mmoja kaniandikia kivyake na kila mmoja ananambia nisimwambie mwenziwe. Siwezi kuzijibu zote, nimechukua hizi zilizonishika. Na kimoja nikiseme kabla hatujaanza, watalii wakija Mji Mkongwe hawakosi kuuliza nyumba ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen, na kweli kazaliwa hapa hapa Unguja 1946, lakini katika barua zote nilizopokea hakuna aliyemtaja. Hata mmoja. Tuendelee.

Asalaam alaykum Bi Kanda. Sisi tuko wanne, barza letu moja hapa Wete, na toka lile swali lako litoke hatusalimiani vizuri. Mmoja wetu namba wani kaweka Legend ya Bob Marley. Mwengine kasema ile si albamu ni mkusanyo tu, haihesabiwi, na yule wa kwanza kachukua kofia yake kenda zake. Siku ya tatu leo hajaja barzani. Tuamulie. — Wanabarza, Wete

Waalaykumu salaam ndugu zangu. Kwanza mfuateni nyumbani kwake, mtu mzima asiwache barza kwa sababu ya kaseti.

Sasa, huyo mbishi wenu kwa vitabu yuko sawa. Bob kafariki Mei 1981, Legend imetoka 1984, kwa hiyo yeye hakukaa pahala akasema huu uanze huu ufuate, ni kampuni ndio walikaa wakachagua nyimbo 14 kutoka kwenye kazi zake za nyuma. Ukitaka albamu aliyoipanga mwenyewe akiwa hai nenda Exodus, ya 1977. Lakini hebu niulizeni na mie, Wete ile ya wakati wenu, nani alikuwa na Exodus? Kanda iliyozunguka ni Legend, iliyodabiwa, yaani kunakiliwa kanda kwa kanda, ikadabiwa tena mpaka besi imekuwa kama mtu anagonga mlango wa jirani, na kila nyumba yenye kijana ilikuwemo. Mie naihesabu. Ila nina sharti moja. Huyo aliyeiweka namba wani aulizwe upande wa pili unaanza na wimbo gani, papo hapo, bila kugusa simu. Akijua, mpeni kofia yake na kahawa juu. Akibabaika, basi huyo alisikia nyimbo zake tu, albamu hakuisikia.

Bi Kanda mie na mume wangu tuna ugomvi, mie nimesema namba wani ni Machozi ya Jaydee, yeye anasema Machozi ni ya Jay na mie sijui muziki. Nani hajui? — Mama Wawili, Mwanakwerekwe

Mwanangu mmegombana bure, hizo ni mbili. Machozi ni albamu ya kwanza ya Lady Jaydee. Machozi Jasho na Damu ni ya Professor Jay, 2001, baada ya yale makubwa aliyoyafanya na kundi lake la Hard Blasters kwenye albamu ya Funga Kazi. Jay na Jaydee, machozi na machozi, na zote zilikuwa zinapigwa kwenye daladala zile zile, mtu akichanganya simlaumu. Kwenye hiyo ya mumeo ndio umo ule wimbo wa mgombea anayeahidi kila kitu na watu wanaitikia tu ndio mzee, tukicheka mpaka tunalia, kumbe mwenyewe 2015 akaja kugombea ubunge Mikumi na akashinda. Mwambie mumeo nakuunga mkono weye, lakini ya kwake naiweka juu ya zote za bongo fleva za miaka ile kwa sababu unaweza kuisikiliza mwanzo mpaka mwisho kama hadithi. Ya Jaydee ina nyimbo mbili tatu nilikuwa nazipitisha. Usinichukie.

Shikamoo Bi Kanda. Mie nina miaka 19, bibi yangu kanionesha kanda yake ya taarab anasema hii ndio albamu bora duniani, nimeisoma nyuma ina nyimbo NNE. Nne! Hiyo ni albamu gani? Siku hizi mtu anatoa nyimbo ishirini. — Kijana wa Kwahani

Marahaba mjukuu wangu. Ukae chini nikupe hesabu.

Kaseti ya kawaida ya enzi hizo ilikuwa ya dakika 60, yaani 30 upande huu na 30 upande huu. Wimbo wa taarab asilia hauanzi na mwimbaji, unaanza na vyombo, ganuni, udi, fidla zinazungumza kwanza wenyewe kwa wenyewe, hapo dakika mbili tatu zishakwenda na wewe bado hujasikia neno. Halafu beti, halafu kiitikio, vyombo vinaingia tena katikati, halafu beti nyengine. Kama kanda imerikodiwa ukumbini na watu wanakwenda kutunza ndio kabisa, mwimbaji anaurudia ule mstari mpaka yule mama aliyeinuka na noti yake mkononi afike mbele, acheze kidogo, aitoe, arudi kwenye kiti. Mwimbaji hawezi kuendelea na beti ya pili huku mtu yuko njiani na hela! Dakika kumi na tano zinakwisha kwa wimbo mmoja. Mbili upande A, mbili upande B. Nne zako hizo.

Na sisi tukizijua zote nne, hiyo ndio tafauti yetu na nyinyi. Kuruka wimbo kulikuwa na gharama. Ukibonyeza ya kwenda mbele au kurudi nyuma tepu inakula betri kuliko hata inavyopiga, na betri kubwa nne au sita hizo hazikuwa rahisi, tulikuwa tunazianika juani zipate uhai wa wimbo mmoja zaidi. Kurudisha kanda unatia kalamu ya Bic kwenye lile tundu unazungusha kwa mkono, mkono unachoka. Kwa hiyo kama wimbo wa pili huupendi unausikiliza hivyo hivyo, leo, kesho, mwezi mzima, mpaka siku moja unajikuta unafua nguo unauimba. Nusu ya nyimbo ninazozipenda leo nilianza kwa kuzichukia, wallahi nakwambia. Nyinyi mnapitisha baada ya sekunde tano, hamjapata nafasi ya kuchukia vizuri.

Mwambie bibi akwambie ile kanda ni ya nani. Kama ni Ikhwani Safaa ujue unashika mkononi kikundi kilichoanza 1905, kama ni Culture Musical Club, sisi twaita Culture tu, basi 1958. Mwishoni mwa miaka ya 80 walikuja watu wa kampuni ya London, GlobeStyle, wakazirikodi klabu zote mbili hapa hapa, wakatoa albamu mfululizo zinaitwa Taarab 1, Taarab 2, hivyo hivyo mpaka ya nne, na zile ndio zilizokwenda Ulaya watu wakashangaa. Sisi huku tulikuwa nazo kwa kudabu zamani, tena na kikohozi cha mtu ndani yake.

Habari Bi Kanda, nimeikuta kaseti ya marehemu baba kwenye sanduku chini ya kitanda, ina kama unga mweupe pembeni. Niitie tu kwenye redio nisikilize? — Mwana wa Chake

USIITIE! Habari baadaye, kwanza iweke chini.

Huo unga ni kuvu, unyevu wetu huu wa bahari unaupenda sana utepe. Ukiitia kwenye redio unaupeleka kwenye hedi, kile chuma kinachosoma utepe, halafu kila kanda utakayoitia baada ya hapo unaipaka. Iwache siku chache pahala pakavu penye kivuli, juani hapana, gamba la plastiki linajikunja. Ile pakti ndogo ya kukaushia unayoikuta kwenye boksi la viatu vipya itie nayo kwenye kopo. Halafu tazama gamba, kama lina skrubu tano ndogo una bahati, linafunguka, unahamisha zile roli mbili ukazitia kwenye gamba la kaseti nyengine nzima ambayo huna haja nayo. Tazama pia kile kisponji kidogo cha katikati, gundi yake inakufa na sponji likitoka sauti inakuwa kama mtu anaimba yuko kisimani. Kama gamba limegandishwa usilivunje wewe, mtafute fundi wa zamani, wapo, Darajani ukiuliza hukosi.

Baada ya hapo zungusha kwa mkono taratibu mpaka mwisho na urudi, huku unaupitisha utepe na kipande cha pamba kikavu kwa mbali, usibane. Ndio utie kwenye mashine, tena mashine usiyoionea uchungu, na siku hiyo hiyo uwe na waya wa kutoka tundu la hedifoni kwenda kwenye kompyuta, programu ya Audacity ya bure inatosha. Rikodi kuanzia mara ya kwanza, usiseme ngoja nisikilize kwanza, kwa sababu utepe mzee unaweza kukupa nafasi moja tu. Hifadhi faili kubwa ya WAV, hiyo ndogo ya kutumiana kwenye simu utaitoa baadaye. Ukimaliza safisha hedi kwa spiriti. Kama ni kanda ya dakika 90 kaza uangalifu, utepe wake ni mwembamba zaidi, na ya 120 ndio usiniulize, mashine inazila kama tambi.

Na zile tabu mbili, vijimeno vya plastiki kwa juu, kama baba alizivunja ujue hakutaka mtu airikodie juu yake. Kama hakuzivunja vunja wewe leo.

We Bi Kanda unatuuliza sisi zetu, zako mbona husemi? Unaogopa? — Mdadisi, Mkoani

Siogopi mdogo wangu, ilikuwa nasubiri mtu aniulize.

Ya tatu ni ya East African Melody, ile kanda yao ya mwanzo iliyofika mtaani kwetu miaka ya 90 mwanzoni. Vijana wa Kizanzibari waliokuwa Dubai, kinanda na gitaa badala ya fidla kumi, na wazee wakasema taarab imekufa. Haikufa bwana, iliinuka ikacheza. Zamani mtu alikaa kwenye kiti akatikisa kichwa tu, rusha roho, taarab hii ya kuchezeka, ndio iliyotuinua. Siiweki juu zaidi kwa sababu ukitoa kucheza, nyengine zimechoka mapema, nasema kweli.

Ya pili watu watanicheka lakini ni ya Kihindi, Maine Pyar Kiya. 1989, Salman Khan bado mwembamba, muziki wa Raamlaxman, S. P. Balasubrahmanyam anamwimbia mwanamme na Lata Mangeshkar anamwimbia msichana. Lata wakati ule anakaribia miaka 60 na ukifumba macho unamwona mtoto wa skuli yuko dirishani na njiwa wake! Hatukujua Kihindi hata kidogo, tuliimba maneno kama tulivyoyasikia, mie mpaka leo kuna mstari naimba upuuzi mtupu na Mhindi mmoja wa Mkunazini alinisikia akacheka mpaka akakaa chini. Katika zote hii ndio pekee ambayo sina wimbo wa kupitisha.

Ya kwanza haina jina na hutaiuziwa popote. Ni kaseti ya Culture aliyoirikodi kaka yangu kutoka redioni, kaweka tepu mbele ya spika akatufukuza sote chumbani tusiseme, na katikati ya wimbo wa pili mtangazaji anaingia anasema saa, na mwisho wa upande A anasikika mama anauliza nani kachukua kibiriti. Ule umeme ulipokatika Unguja yote, toka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu mizima, televisheni zimekaa kama masanduku na simu tunachajisha kwa foleni kwa mwenye jenereta, nilikwenda kununua betri nikaitoa redio ya zamani nikaipiga hiyo. Jirani wakaja na vigoda. Mama alikuwa keshafariki, na kila ilipofika pale pa kibiriti watu wanacheka na mie najifanya natazama sufuria.

Bi Kanda, usinicheke. Namba wani yangu ni Thriller ya Michael Jackson. Baba alidabiwa na fundi mmoja mjini miaka ya 80, sisi tumekulia Michenzani na kanda ile moja. Sasa, mimi mpaka nimekuwa mtu mzima nilikuwa najua kwamba Thriller ikiisha Michael anampisha bibi mmoja wa taarab, anaimba na fidla, halafu anakatika ghafla katikati ya neno. Nilipokwenda kusoma nje nikanunua sidii, nikasikiliza mpaka mwisho, nikangoja. Kimya. Nikairudisha dukani nikamwambia muuzaji hii haijakamilika. Alinitazama! Nifanyeje, maana bila yule bibi kwangu si Thriller. Na nataka kujua alikuwa anataka kusema nini. Nimekutumia kipande kwa simu. — Wa Michenzani, sasa niko mbali

Nimecheka, samahani, nilikuwa kwenye daladala nimecheka peke yangu.

Hukuota mwanangu. Chukua kalamu. Thriller ya 1982 ina nyimbo tisa, nne upande wa kwanza kama dakika 20, tano upande wa pili kama dakika 22. Fundi wa baba yako katia kwenye kaseti ya dakika 60, kwa hiyo upande A umebakia dakika kumi tupu na upande B nane. Mafundi wa kudabu walikuwa na heshima yao, kumrudishia mteja kaseti yenye kimya ilikuwa kama kumpa sahani ya wali nusu. Wanajaza. Anachukua chochote kilichoko mezani, na mezani kwa fundi wa Unguja kuna taarab, na wimbo wa taarab nishamweleza yule kijana wa Kwahani urefu wake. Dakika nane hautoshi. Utepe ukaisha bibi yuko katikati ya neno, fundi kafunga kaenda kuswali. Hebu tazama upande A, mwisho, naamini na huko kuna mtu, isipokuwa nyinyi mlikuwa mnageuza haraka mfike Beat It.

Sasa kwenye mpangilio wangu nimekuandika hivi, Thriller ya Michenzani, na bibi ndani. Sikuiweka pamoja na Thriller za watu wengine wawili walioitaja, yao ni nyengine.

Kile kipande nimekisikiliza mara nyingi. Halafu nikampigia shangazi yangu wa Jang'ombe, mtu wa makamo sana, macho hayaoni vizuri lakini usimuulize habari za harusi ya mwaka gani nani aliimba, utalala kwake. Nikaweka simu moja mdomoni mwa nyengine nikapiga. Hakungoja ikatike. Ilipofika pale fidla zinapanda akawa keshaanza yeye, na yule bibi wa kanda ya baba yako aliponyamaza shangazi akaendelea, neno lile lile akalimaliza, beti ikaisha, kiitikio, beti nyengine mbili, mie nimesimama jikoni sithubutu kupumua. Nilikuwa narikodi.

Nimekutumia usiku huu. Utasikia mwanzo wake kuna kelele ya mafuta, alikuwa anakaanga samaki, na kabla ya beti ya mwisho anamwambia mtu ageuze.